Rehema wa Karatasi

Somoe alikwenda sokoni kununua nazi mbili, akarudi na mwanamume. Nazi alizisahau hukohuko sokoni, na mama yake alimnunia mpaka Ijumaa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, Ramadhani iko mlangoni, na soko la Mtwara limefurika. Watu wa Likombe na mihogo yao, watu wa Mtawanya na kuku wao, wanawake wa Msimbati wametandaza pweza wakavu juu ya mikeka. Katikati ya zogo hilo akapita kijana mrefu, miwani puani, suruali ya bugaluu imepigwa pasi hadi inakata, shati jeupe la tetroni. Kwapani kabana furushi la karatasi lililofungwa kwa uzi wa katani. Uzi ukakatika. Upepo ukazichukua karatasi zote.

Zilitua kwenye mihogo, kwenye ndoo za changu, moja ikamkaa mzee kichwani. Kijana akawa anakimbia huku na huku, "Samahani, samahani jamani," na kila akiinama kuokota moja, nyingine mbili zinamponyoka. Muuza samaki mmoja, Hassani, pandikizi la mtu, akaokota ukurasa akaanza kuusoma kwa sauti. Hassani alikuwa ametoka tu kupata cheti cha kisomo cha watu wazima, na siku hizo alikuwa hapitwi na maandishi, hata ganda la sabuni analisoma.

"'A-ka-i-nyo-nya damu yake taratibu, shi-ngo-ni, hata tone la mwisho.'" Hassani akamtazama kijana kuanzia viatu mpaka miwani. "We bwana! Hii nini?"

Na sisi watu wa kule, ukitutajia damu na karatasi kwa pamoja, hatuna mawazo mengi.

"Mumiani!" mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Anaandika majina ya watu wa kunyonywa!"

"Mshikeni huyo!"

Somoe alikuwa hatua mbili kutoka pale. Gauni la maua ya njano, kanga mabegani, nywele kasuka twende-kilioni, na macho yaliyozoea kusoma haraka. Aliweka nazi chini, akaokota ukurasa, akapitisha macho mara moja. Akaangua kicheko.

"Kaka Hassani, ngoja kwanza! Mumiani gani anapiga hodi? Sikilizeni nyote: 'Baroni akabisha hodi mara tatu akasema, Binti mtukufu, uniwie radhi kwa usumbufu huu, nimekuja kuomba damu yako.' Nani kawahi kuona mumiani anaomba radhi? Hii ni hadithi tu, ya kitabu."

Watu wakacheka. Hassani naye akacheka, kwa shingo upande, akarudisha ukurasa ukiwa na magamba ya samaki. Kijana aliyeokolewa maisha, badala ya kushukuru, alikunja uso.

"Umesoma vibaya," akamwambia Somoe. "Pale panatisha."

"Panatisha wapi, kaka yangu? Mimi nilitaka kumkaribisha chai."

"Ni adabu za kizamani. Hadithi ni ya enzi za Mjerumani, kwenye Boma la Mikindani. Yule ni mtu wa ukoo mkubwa."

"Mnyonya damu wa ukoo mkubwa! Haya, hongera. Na hizi unazipeleka wapi?"

"Natafuta mpiga chapa. Wachapishaji wa Dar es Salaam hawapokei mwandiko wa mkono. Nimeambiwa kuna mzee Danieli, nyuma ya soko."

Somoe akamkabidhi kurasa alizookota, akajifunga kanga vizuri. "Mzee Danieli haoni vizuri siku hizi. Mpiga chapa ni mimi. Twende."

Hivyo ndivyo nazi zilivyobaki sokoni.

Kijana huyo aliitwa Athumani, karani wa bandarini, umri miaka ishirini na saba, hana mke, na bandarini mezani kwake kulikuwa na simu. Kibanda cha Mzee Danieli nacho kilikuwa na simu. Unaona mwenyewe mambo yalikoelekea.

"Hapa kwa Danieli, kazi za chapa," Somoe hujibu.

"Hapa bandarini."

"Bandarini mko wengi."

"Yule mwenye miwani."

"Wenye miwani mko wawili."

"Yule mzuri."

"Basi umekosea namba, kaka."

Wakicheka, Mzee Danieli, Mmakonde wa Newala mwenye mvi na kofia ambayo haivui hata akila, hugonga meza kwa rula. "Mwanangu, kuna mtu wa rufaa ya shamba hapa. Amekuja kwa miguu kutoka huko kwao."

"Kwaheri, mwenye miwani."

"Kwaheri, laazizi. Ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na nane. Mumiani wako bado anaomba radhi."

Jumamosi jioni walitembea Shangani, yeye kavaa shati alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo tu, Somoe kajitia udi na kapaka wanja, viatu mkononi ili mchanga usiviharibu. Athumani alimnunulia mihogo ya kukaanga, akamhadithia sura zinazofuata, akamwambia ana sauti nzuri, ana vidole vyepesi, hajapata kuona mtu anayesoma mwandiko wake bila kuuliza. Hayo yote alisema. Neno la kuoa hakulitamka. Somoe alikuwa na miaka ishirini na mbili, mama yake anahesabu siku, na yeye alikuwa amekwisha kumpenda yule kijana mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kila Jumamosi alirudi nyumbani akijiambia, labda Jumamosi ijayo.

Sasa niseme ukweli kuhusu kile kitabu, na Athumani anisamehe. Kitabu kilikuwa kibaya. *Mumiani wa Boma*, ndilo jina lake. Palikuwa na Baroni wa Kijerumani asiyekufa, analala mchana ndani ya sanduku la mchanga wa kwao chini ya Boma, jua likizama anatoka kunyonya damu ya wapagazi. Anaogopa ubani na kisomo cha Yasini. Mpaka hapo si haba. Lakini Baroni huyo alizungumza kama kadhi, kila tendo lilitanguliwa na kurasa tatu za mawingu, na ukingoja litokee jambo, linasogezwa ukurasa unaofuata, na huko nako linaahirishwa. Somoe aliyavumilia yote hayo kwa sababu ya mwenye kitabu.

Ukurasa wa ishirini na mbili akaingia Rehema.

"'Rehema,'" Somoe alisoma kimyakimya, vidole juu ya mashine, "'binti wa Mikindani, kiuno cha nyigu, meno ya mpunga mpya, na shavuni kidoti kimoja cheusi ambacho aliyekiona hawezi tena kulala.'"

Akapiga. Ukurasa wa ishirini na tatu, Rehema. Wa ishirini na nne, Rehema anachota maji. Wa ishirini na tano, kisigino cha Rehema, mistari kumi na moja. Somoe akatazama visigino vyake mwenyewe chini ya meza. Simu ikalia.

"Hapa bandarini."

"Athumani."

"Naam, laazizi."

"Rehema ni nani?"

"Si yule binti wa kwenye hadithi?"

"Hilo najua. Nakuuliza ni nani."

Kijana huyu ana kasoro nyingi, lakini uongo haujui, ulimi unamkatalia. "Ni... mtu niliyempenda. Mikindani. Zamani."

"Zamani lini?"

"Miaka sita iliyopita."

"Miaka sita ndiyo zamani? Wajerumani ndio zamani!" Somoe akakata simu.

Ah, wivu! Wivu wa mtu anayemwona mwenzake barabarani una nafuu, unaweza kumsonya, unaweza kumpiga kikumbo kisimani. Somoe alilipwa amwandike adui yake kwa vidole vyake mwenyewe, herufi kwa herufi, asili moja na nakala mbili za kaboni. Kila kidoti alichokipiga kilitoka mara tatu.

Siku ya tano hakuvumilia. Akakifuta kidoti.

Lakini kazi ya chapa ina mambo yake. Athumani alikuwa amekwisha kuandaa orodha ya sura na namba za kurasa, akaagiza kila ukurasa wa mashine uishie pale unapoishia wa mkono. Ukiondoa mistari minne ya sifa, unabaki na tundu la mistari minne, na huwezi kuliacha wazi, na huwezi kuvuta maneno ya ukurasa wa mbele. Lazima ujaze. Somoe akatazama lile tundu, akatazama mlangoni, akapiga: *Rehema alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, na akikohoa kuku wanakimbia.* Akahesabu herufi. Mistari minne ilitimia baada ya kuongeza kuku wa jirani.

Moyo wake ukapoa kidogo. Akavuta karatasi nyingine.

Kiuno cha nyigu akakinenepesha. Kisigino akakipa ufa. Lakini hakuwa amejiandaa kwa ukurasa wa sitini na moja. Hapo Baroni anaingia chumbani kwa Rehema, na Athumani, badala ya kumnyonya wamalize, kamsimamisha mumiani mlangoni kurasa nane anamsifu Rehema kuanzia utosini. Kurasa nane! Somoe alizisoma zote, machozi yakamtoka, si machozi ya huruma. Akazigeuza kifudifudi. Akapiga yake.

Katika kurasa za Somoe, Rehema hakutetemeka. Aliketi kitandani akamwambia mumiani avute kigoda.

*"Kabla yangu umewanyonya wangapi?"*

*"Binti mtukufu, miaka ni mingi, sikumbuki."*

*"Hukumbuki! Walikuwa watu, walikuwa na majina. Nitajie mmoja mmoja. Na kila mmoja ulimwambia damu yake ni tamu kuliko zote? Na mimi ukishanimaliza, utamwendea nani ukanisimulie kama kisa? Kama ni kufa nitakufa, lakini sitakufa nikiwa wa sijui wa ngapi."*

Alipiga mashine mpaka Mzee Danieli akainua kichwa. "Mwanangu, hiyo mashine imekukosea nini?"

"Hakuna kitu, baba. Riboni imechoka."

Kazi ilipokwisha, mwezi wa Januari, Athumani alikuja mwenyewe kibandani, jasho linamtoka, maana ndege ya barua inaondoka na Posta inafunga. Somoe aliusukuma mswada mezani bila kuuachia.

"Hutaupitia kwanza?"

"Nipitie nini, nami ndiye niliyeandika? Nakuamini, laazizi."

Neno hilo lilimchoma. Alifungua mdomo amwambie. Lakini kando ya mswada kulikuwa na karatasi ya kutabaruku ambayo Athumani alikuwa ameileta dakika hiyohiyo iongezwe mbele: *Kwa R.* Somoe akafunga mdomo wake. Akaipiga chapa, akafunga kifurushi, akamtakia safari njema mumiani.

Jumapili iliyofuata alipanda basi la Mikindani. Alijipamba kama anakwenda harusini, kanga mpya za doti, hina mpaka vifundoni, heleni za mama yake aliziazima bila mama kujua. Alitaka Rehema amwone na amwonee wivu. Aliuliza mara mbili tu, akaonyeshwa kibanda karibu na Boma, ambapo mwanamke mnene, mtoto mgongoni, alikuwa anapika vitumbua na kuimba vibaya.

"Karibu dada, vya moto!"

"Wewe ndiye Rehema?"

"Ndiye. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Unamjua Athumani? Karani. Ana miwani."

Rehema akafikiri, mwiko juu. Akageukia nyuma alikokuwa mumewe kachutama na gurudumu la baiskeli. "Baba Saidi! Unamjua Athumani wa miwani?"

Abeid, fundi baiskeli, akacheka hata kabla ya kujibu. "Yule aliyekuwa akileta baiskeli nzima nimzibie pancha? Kila siku! Nazungusha gurudumu, hakuna pancha, yeye kakaa hapo anatazama vitumbua."

"Aa! Yule! Maskini, mzima?"

"Mzima," Somoe alisema. "Alikuwa anakutazama wewe. Alikupenda."

"Mimi?" Rehema alishika kifua. "Sasa mbona hakusema?"

"Huyo hasemi. Huyo anaandika. Kakutia kwenye kitabu, una kiuno cha nyigu na kidoti shavuni."

Rehema alicheka mpaka vitumbua vikaungua. Akaleta shavu la kulia, akaleta la kushoto. "Kidoti kiko wapi? Nitafutie, mwenzangu, nami nijione! Baba Saidi, umewahi kuniona na kidoti?"

Somoe alitafuta kweli. Hakikuwapo. Na wivu ule uliokuwa umeanza kumtoka ukamrudia mara mbili. Kama si cha Rehema, na yeye Somoe hana, basi kidoti ni cha nani? Yupo wa tatu!

Rehema alipangusa machozi ya kicheko akamtazama vizuri, hina, heleni, kanga mpya.

"Na wewe ni nani wake?"

Somoe akahesabu moyoni. Miezi minne ya simu, mihogo ya Shangani, kurasa mia moja na arobaini kwa nakala tatu.

"Sijui," alisema. "Hajaniambia."

"Basi kamwulize yeye, mdogo wangu. Mimi nina mume na watoto wanne na vitumbua." Akamfungia vitano kwenye gazeti, vile ambavyo havikuungua.

Barua kutoka Dar es Salaam ilifika mwishoni mwa Februari. Athumani aliingia nayo kibandani mbiombio, tai imepinda.

"Somoe! Wamejibu! Sikiliza, usisikilize mwanzo, sikiliza mwisho."

"Soma yote."

Akasoma. "'Ndugu Athumani. Tumeusoma mswada wako, na tunasikitika kusema umetuvunja moyo. Tulitegemea kuogopa, hatukuogopa. Mumiani wako ana adabu kuliko bwana harusi, na Rehema wako ni sanamu ya dukani, ila pale anapokohoa. Lakini kurasa za 61 mpaka 68 zilisomwa ofisini kwa sauti, kazi zikasimama. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Huyo mwanamke anayemdai mumiani majina ya waliomtangulia ni nani? Ametoka wapi? Tunataka kitabu kizima cha mwanamke huyo. Piga simu Ijumaa ya tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi. Mhariri, Magreth.'" Akainua macho, yanang'aa. "Kurasa nane, Somoe! Nilijua zile sifa zitawagusa. Ila hapo pa kudai majina sijapaelewa. Nipe nakala."

Somoe alitoa nakala ya kaboni kabatini. Athumani alisoma amesimama. Ukurasa wa kwanza alitabasamu bila kujijua. Wa pili tabasamu likaisha. Alipofika wa tano aliketi kwenye kigoda cha wateja, akamaliza zote nane, na Mzee Danieli akajifanya anatafuta rula.

"Hii si yangu," Athumani alisema.

"Ni yangu."

"Umenivua nguo mbele ya watu wa Dar es Salaam."

"Na wewe je? Miezi minne nakupigia chapa mwanamke mwingine! Kisigino mistari kumi na moja! Nimekwenda Mikindani, nimemwona. Hana kidoti, Athumani. Kidoti cha nani?"

"Kidoti gani?"

"Cha shavuni!"

"Nilikiona kwenye kalenda ya sabuni! Ipo ukutani bandarini!"

"Na huyo wa kwenye kalenda anaitwa nani?"

"Somoe!"

"Usiniite. Umenitia kwenye kitabu chako wapi? Mstari mmoja? Mimi ni nani wako?"

Athumani akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Jibu alikuwa nalo, miezi yote hiyo alikuwa nalo. Lakini mkononi alishika zile kurasa nane, na zilikuwa nzuri, na hakuziandika yeye. "Nilikuamini," akasema, akatoka.

Siku tisa simu ya bandarini haikulia kwa Danieli. Ililia ya watu wengine, na kila ikilia Somoe aliruka. Alikuwa na hakika sasa: kampoteza, na kwa mikono yake. Usingizi ulikwenda, chakula kikawa mchanga, na akiona kalenda yoyote ukutani anaigeuza.

Athumani naye huko kwake alikuwa anaungua, lakini moto wake ulikuwa mwingine, naye aliuonea haya. Alijaribu kuandika ukurasa wa sitini na tisa kwa sauti ileile. Rehema akaanza tena kutetemeka na kusifiwa. Akachana. Akajaribu kumfanya adai majina, akadai kama karani wa forodha. Akachana. Miaka minne alikuwa ameota jina lake juu ya jalada, na msichana wa nyuma ya soko, kwa hasira, bila kukusudia, alikuwa amefanya kwa siku mbili lile asiloliweza yeye. Alimwonea wivu hata usiku hakulala. Na kilichomtisha ni hiki: Ijumaa angeweza kuinua simu akasema ndiyo, ni mimi. Nani angejua?

Ijumaa hiyo Mzee Danieli alimpa Somoe barua mbili za rejesta. "Peleka Posta. Saa nne kasoro."

"Zingoje mchana, baba. Jua kali."

"Nimesema saa nne kasoro." Mzee haoni vizuri, lakini masikio yake hayana kasoro.

Posta ilikuwa imejaa, watu wamebanana mpaka barazani. Kibanda cha simu ya mbali kilikuwa pembeni, mlango wake umeng'oka bawaba, na laini ya Dar es Salaam siku hizo ilitaka mapafu. Anayezungumza humo huzungumza na foleni nzima. Somoe aliisikia sauti kabla ya kuiona miwani.

"HALOO! NDIYO, ATHUMANI! ATHUMANI WA MTWARA!"

Somoe akaganda nyuma ya mama mmoja mwenye kapu.

"NDIYO, NDIMI MWANDISHI! NDIYO! KURASA ZILE... NAAM? NILIZIPATA WAPI?"

Kutoka kwenye mkono wa simu kilisikika kisauti chembamba, cha mwanamke, kinauliza tena. Athumani alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani. Somoe alifumba macho. Alijua kabisa neno linalofuata, na alijua akilisikia hatamtazama tena mtu huyo maisha yake.

"SIKUANDIKA MIMI!" Athumani alipiga kelele. "HAPANA, DADA MAGRETH, SIKUZIIBA! ALIYEANDIKA NI SOMOE! SO-MO-E! SI JINA LANGU LA BANDIA, NI MTU! NI MPIGA CHAPA WANGU... NDIYO, NI NZURI! NI NZURI KULIKO ZANGU, NAJUA, ZINANIUMA! NIMEZISOMA MARA ISHIRINI!" Akavuta pumzi. "NAAM? NI NANI WANGU?"

Karani wa stempu alisimamisha mhuri hewani.

"NI MCHUMBA WANGU! YAANI, AKIKUBALI! SIJAMWULIZA BADO! NATAKA KUMWOA!"

"Basi si umwulize?" mama mwenye kapu akasema, naye alikuwa amekwisha kuona nyuma yake machozi yanamtiririka msichana. Akasogea pembeni. "Huyu hapa analia."

Athumani akageuka. Jasho, tai imepinda, simu mkononi. Somoe akapita katikati ya watu, na wote wakampisha. Alifika mbele yake, akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akanyoosha mkono.

"Huyo Magreth ni mwanamke?"

"Ni mhariri."

"Nimekuuliza ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Lete simu." Akaichukua. "HALOO! MIMI NDIYE SOMOE! NDIYO, NITAANDIKA! LAKINI BARUA ZA KITABU ZIJE KWANGU, MIMI NDIYE NITAKAYEKUJIBU! KWAHERI DADA, ASANTE!" Akaiweka.

"Umesema nini pale mwisho?" akamwuliza Athumani.

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Athumani akatazama chini, akatafuta mfukoni, kwa mazoea tu, kalamu ipo, karatasi hana. Akainua kichwa.

"Nataka kukuoa, Somoe," alisema, polepole.

"Wale wa mlangoni hawakusikia."

Akawageukia watu wa mlangoni, akavua miwani, akasema tena, kwa sauti ya mtu anayezungumza na Dar es Salaam.